Sifuri Nukta Sifuri

Kazi yangu ni kusoma maji.
Saa moja asubuhi, saa kumi na moja jioni,
nateremka mtoni na daftari la Wizara,
natazama ubao uliochorwa tarakimu,
naandika nilichokiona.
Tangu Desemba naandika sifuri nukta sifuri sifuri,
mara mbili kwa siku, kwa wino,
maana mchanga nao ni jibu.

Wageni wa kutoka Mbale wakifika Abim
huitazama Labwor, huuliza: hii ndiyo milima?
Kwao mlima ni ule unaolala na wingu kitanda kimoja.
Yetu mifupi. Mbuzi hupanda na kushuka kabla hajaona kiu.
Majabali yamebebana mgongoni,
na kati ya jabali na jabali kuna mfereji
usioonekana hadi siku yake.

Mito yetu nayo haijui kujiheshimu.
Ng'ombe huilalia. Wavulana hucheza kandanda humo,
magoli ya mawe, refa hakuna.
Wanawake huifukua kwa kibuyu, dhiraa moja, mbili,
hadi mchanga utoe jasho.
Humo niliokota kitu cheusi, kizito, chenye matundu,
masalia ya tanuri za babu zetu
waliofua majembe huko juu.
Nimekiweka dirishani. Kinazuia daftari lisipeperuke.

Nyumba ya shangazi Awilli iko mgongoni mwa kilima.
Paa la bati, mapaa mawili:
tone likidondoka upande wa mawio
linakwenda Okok, linapotelea vinamasi vya Kyoga;
likidondoka upande wa machweo
linakwenda Agago, kisha Aswa, kaskazini.
Shangazi ana mitungi miwili, mmoja kila upande,
na hayachanganyi maji yake hata kwenye uji.
"Haya ya akina Ochan," husema. "Hayo yenu."

Ochan ni kaka yangu.
Tuligombania ndama
mwaka ule ng'ombe walipobaki saba.
Akavuka kilima, akaoa Patongo,
analima simsim kando ya Agago.
Miaka kumi na mmoja hatujajuliana hali.

Usiku wa tarehe tisa Agosti kwetu haikunyesha.
Nilisikia kwanza kama lori linalobadilisha gia mlimani,
halafu mbwa wote wakanyamaza.
Nikashika tochi.
Ubao uliishia mita tatu;
maji yalikuwa yameshapita pale tarakimu zinapokoma,
yamebeba mizizi, ndara moja,
kuku mzima juu ya gogo, ametulia kama abiria aliyelipa nauli.
Kulipokucha ubao haukuwepo.
Nikapima kwa mkwaju: povu limekaukia shinani,
usawa wa kidevu changu.
Nikaandika: kidevu.

Wakanipigia kutoka Entebbe.
Kidevu cha nani?
Changu, bwana. Ndicho nilichokuwa nacho.

Mchana simu ikalia tena, namba nisiyoijua.
"Shangazi anasema mvua ya jana iliangukia paani katikati.
Kwako ilifika wapi?"
Sauti ile imenenepa, lakini nikaijua.
"Kidevuni."
"Kwangu kiunoni. Simsim imekwenda, nusu shamba."
Kimya. Upepo kwenye simu yake, upepo kwenye yangu.
"Yule ndama alikuwa wangu," akasema.
"Alikuwa wangu," nikasema.
Hakukata.
"Wewe unayesoma maji," akasema,
"haya yetu na hayo yenu, yanakutana popote?"
Nikachukua ramani ya Wizara, nikafuata kwa ukucha:
Okok, Kyoga, Nile ikizunguka magharibi;
Agago, Aswa, moja kwa moja.
"Yanakutana. Mbele kidogo ya Nimule. Nje ya nchi."
"Mbali," akasema.
"Mbali."
Salio lake likaisha.

Saa kumi na moja niliteremka.
Mto ulikuwa umebaki uzi, karibu na ukingo wa pili,
na wavulana walikuwa wanatafuta mawe yao ya magoli.
Nilisimama pale ubao ulipokuwa,
nikaingiza mguu, nikatoa.
Nikaandika: kifundo.
Nikaongeza: changu.